Namba za Kitabu Kingine

Kitabu cha daktari kilikuwa kinene kuliko chetu. Hilo ndilo ambalo sikulifikiria.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya chumba chake, mlango umeachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto, namsikia mdogo wangu Tito akijibu kwa sauti ya mwanafunzi aliyejiandaa. Kumi na mbili. Nane. Ishirini na tisa. Tano. Tatu. Midomo yangu ilikuwa inazitamka pamoja naye bila kutoa sauti.

"Subiri," daktari alisema. "Turudi hapa. Ukurasa huu unaona ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Na huu?"

"Tano."

Nikasikia kurasa zikigeuzwa. Zilikuwa nyingi, nyingi kuliko za kitabu ninachokijua mimi.

"Kijana," daktari alisema taratibu, "ishirini na tisa ipo. Iko ukurasa wa mbele yake. Na tano nayo ipo, kurasa mbili mbele. Mtu asiyeona rangi hukosea makosa yake mwenyewe. Wewe unapatia vizuri kabisa, ila unapatia kitabu kingine. Nani amekukaririsha?"

Nilikuwa mimi.

Mimi ni muuguzi wa macho. Mwaka huo wa 1998 nilikuwa na mwaka wa tatu katika kliniki ndogo ya mjini Moshi, na stashahada yangu, na majivuno yangu. Niliwasimamisha watu mbele ya ubao wa herufi, nikawaziba jicho moja, nikaandika walichosoma. Kitabu cha rangi kilikaa kwenye droo yangu. Kila ukurasa una duara la madoa ya rangi, na katikati ya madoa kuna namba. Anayeona rangi sawasawa huiona papo hapo. Anayechanganya nyekundu na kijani huona madoa tu, au huona namba nyingine. Ukurasa wa kwanza peke yake, wenye kumi na mbili, ndio unaoonekana na kila mtu.

Tito hakuwahi kuona zaidi ya hiyo kumi na mbili.

Nilijua hata kabla sijakishika kitabu. Nilijua tangu yeye ana miaka saba na mimi kumi na miwili, tukichuma kahawa kwenye kihamba chetu, shamba la nyumbani, huko Mwika. Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu. Ukiweka mbichi kwenye mashine ya kumenya haimenyeki, inapondeka, inaharibu na nzima, na karani wa chama cha msingi cha ushirika akiiona anakurudishia gunia lako mbele ya watu. Mama yetu, Avelina, aliogopa kurudishiwa kahawa kuliko alivyoogopa homa. Kwa hiyo jioni alimwaga kapu la kila mtoto juu ya gunia na kukagua. Siku ya kwanza Tito alipoleta kapu lake, nusu ilikuwa kijani. Mama alimchapa, utomvu wa mgomba ukiwa bado mikononi mwake, akimwita mvivu, mharibifu, adui wa nyumba.

"Dada," Tito aliniambia baadaye, pua inachuruzika, "zote si ziko sawa?"

Nikamshikia mbili mbele ya uso, mbivu na mbichi. Akaziangalia kwa bidii, akachagua ile mbichi akasema hii ndiyo iliyoiva.

Kuanzia siku hiyo nilijificha naye nyuma ya migomba kabla ya ukaguzi, nikatoa mbichi zake na kumwekea mbivu zangu. Mama akalisifu kapu la Tito kwa miaka sita. La kwangu, lililobaki nusu, likawa la kunisemea: "Priska ana mikono ya bibi harusi." Sikujitetea. Niliona ni upendo, na labda ulikuwa upendo, lakini ulitufundisha wote wawili kwamba kasoro ya mtu hufichwa mpaka ipite.

Haikupita. Tito alikua, akasoma fizikia na hisabati mpaka kidato cha sita, akafaulu kwa alama ambazo padre alizitaja kanisani. Wakati huo biashara zilikuwa zimefunguliwa na ndege hazikuwa tena za serikali peke yake. Kampuni moja mpya, ya ndege ndogo za kupeleka watalii mbugani, ilitangaza kwamba itachukua vijana wawili wa Kilimanjaro na kuwapeleka Afrika Kusini wakajifunze urubani. Tito aliandika barua, akaitwa kwenye usaili, akachaguliwa. Sharti likabaki moja: cheti cha afya cha daraja la kwanza.

Sharti hilo nilikuwa nalijua kwa kichwa. Kila jicho lisome sita kwa tisa kwenye ubao wa herufi, kwa miwani au bila miwani, na yote mawili kwa pamoja yasome sita kwa sita. Asome maandishi madogo kwa karibu. Na atofautishe rangi. Watu wengi hudhani miwani ndiyo inayomfukuza mtu kwenye ndege. Sivyo. Miwani husamehewa. Rangi ndiyo haina miwani.

Ningemwambia Tito siku hiyo hiyo. Ningemwambia mama. Badala yake nilinakili namba za kitabu chetu kwenye kipande cha karatasi, kwa mpangilio wake, na Jumapili tatu mfululizo baada ya misa tukakaa chini ya mti wa mruka nyuma ya nyumba, yeye akizikariri kama katekisimu.

"Dada, hii si dhambi?" aliniuliza mara moja.

"Dhambi ni kumnyima kazi mtu mwenye akili kwa sababu ya madoa."

Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia kichwani njia nzima ya kurudi mjini.

Sasa nilikuwa kwenye benchi, na daktari alikuwa ameuliza nani amekukaririsha. Daktari huyo aliitwa Ebenezeri, mtu wa Singida, hajamaliza mwaka Moshi, mmoja wa wachache walioruhusiwa kuwapima marubani. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa hatua nne: kusimama, kusukuma mlango, kuingia, kusema.

"Nimejikaririsha mwenyewe," Tito alisema.

"Kitabu umekipata wapi?"

"Nilikiona tu mahali."

"Ulikiona mahali." Kalamu ikawekwa mezani. "Unajua nikiandika hapa kwamba umejaribu kudanganya, hakuna daktari mwingine wa anga atakayekupima nchi hii? Fomu inaondoka Ijumaa. Kama una neno la kweli, una siku mbili."

Nilibaki nimekaa. Mkoba wangu ulikuwa magotini na niliufungua na kuufunga, kuufungua na kuufunga. Nilifikiria kliniki yangu, meza yangu, namna mganga mkuu anavyosema "sista Priska" kwa heshima. Mlango ulipofunguka Tito akapita mbele yangu bila kuniangalia, ili daktari asijue kwamba tunafahamiana. Alinificha. Mtoto niliyemfichia kahawa alinificha mimi, nami nikakubali.

Nilimkuta barabarani, mbali na geti.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja ili iweje? Tufukuzwe wote?" Akacheka kicheko kibaya. "Sista, kitabu chako kina kurasa ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Chake thelathini na nane. Na wewe ndiye msomi wa macho."

Akaniacha hapo barabarani.

*

Kesho yake nilipanda Mwika. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori, na jirani yetu Dominika alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni yake akimsaidia kwa maneno zaidi ya mikono. Tangu barua ya kampuni ifike Dominika alikuwa ameacha kumwita mama jina lake.

"Mama Rubani, mwanao wa mjini huyo. Priska, mwambie mdogo wako akipita juu ya Mwika apunguze mwendo, tumpungie. Na asitutemee mate."

"Shikamoo mama Dominika."

"Marahaba. Mbona umekonda? Mjini hawana ndizi?"

Nilisubiri aondoke. Alichukua muda, kwa kuwa aliona nina jambo. Alipoondoka nilimweleza mama yote, tangu kapu la kwanza. Mama hakunikatiza. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya ndizi.

"Rangi," alisema. "Rangi ipi asiyoiona?"

"Nyekundu na kijani anazichanganya."

"Kwa hiyo hakuwa mvivu."

"Hakuwa."

"Na mimi nilimchapa."

"Siku ile moja tu, mama."

"Na wewe ulinitazama miaka sita nikisifia kapu lako kwa jina lake." Aliniangalia kana kwamba ananipima urefu. "Ruwa, Mungu wangu! Una moyo gani, Priska? Mtu anaficha wizi, anaficha mimba. Wewe ulificha macho ya mtu."

Nilisema nataka kwenda kwa daktari nikiri. Nilisema naogopa. Mama alifuta mikono kwa khanga, akatoka nje bila kunijibu, na nilipomfuata nikamkuta kwenye mpaka wa kihamba akikata jani la sale.

Kwetu, aliyekosa humpelekea aliyekosewa jani la sale lililofungwa fundo. Hapeleki maneno mengi. Aliyekosewa akilipokea amesamehe, na jambo hilo limefungwa, haliulizwi tena, hata kama ni damu. Na hakuna anayelikataa, kwa kuwa kulikataa ni kujiitia balaa wewe na watoto wako. Nimeona wanaume waliokuwa wanatafutana kwa mapanga wakinywa kibuyu kimoja jioni hiyo hiyo kwa ajili ya jani hilo.

"Mama, yule ni mtu wa Singida. Ni daktari wa serikali."

"Kwani Singida hawasamehe?" Alikuwa anafunga fundo. "Binti akikosa, mzazi ndiye anayebeba. Nitakwenda mwenyewe."

*

Ijumaa asubuhi tulikuwa watatu kwenye lile benchi. Mama alivaa kitenge cha Pasaka na kitambaa cheupe cha wanawake wa parokia, na jani lilikuwa limefungwa kwenye leso lisinyauke. Alinuka moshi wa jikoni. Wagonjwa wengine walimtazama, nami niliwaona wanavyomtazama, na nikasogea kidogo pembeni. Kidogo tu, upana wa kiganja. Tito aliona. Akahama upande wa pili akakaa karibu na mama, akauziba upenyo niliouacha.

Daktari alisimama tulipoingia. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akafungua leso, akalishika jani kwa mikono miwili, akainama akamnyooshea.

Daktari aliliangalia. "Ni dawa? Mama, mimi ya presha nimeshakunywa leo."

Hakuna aliyecheka. Akaniangalia mimi, mgeni kwake, nikajua kwamba zamu ni yangu.

"Ni jani la kuomba msamaha, daktari. Mimi ni dada yake Tito. Ni muuguzi wa macho, nafanya kazi kliniki hapa mjini. Namba zile nilimfundisha mimi. Yeye alisema ni mwenyewe ili kunilinda."

Alikaa chini polepole. "Muuguzi wa macho."

"Ndiyo."

"Juzi ulikuwa wapi?"

"Hapo nje. Kwenye benchi."

"Ulinisikia namwuliza?"

"Nilisikia."

"Ukakaa."

"Nikakaa."

Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Sikiliza, dada. Ndege ina taa nyekundu bawa la kushoto na kijani bawa la kulia. Rubani akiiona ndege nyingine mbele yake, rangi hizo ndizo zinazomwambia kama inamjia au inamkimbia. Redio ikifa, mnara unaongea na rubani kwa taa. Kijani, tua. Nyekundu, usitue. Ulikuwa unamtuma mdogo wako huko na watu kumi nyuma yake. Wewe unayajua haya. Mama huyu hayajui, lakini wewe unayajua."

Nilikuwa nayajua. Siwezi kusema sikuwa nayajua. Nilijiambia kwamba Tito ana akili, atatafuta njia, kama mtu anayeuambia mto upungue mpaka avuke.

Mama alikuwa bado ameinama na jani lake. Daktari aliinuka, akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyoona mama amelishika, akaliweka juu ya mafaili yake.

"Nimepokea, mama. Nimesamehe. Sitaandika udanganyifu."

"Umepokea?"

"Nimepokea."

"Aika! Aika sana, daktari. Mungu akuzidishie." Mama alipiga makofi mawili ya shukrani, akapiga magoti nusu, akajifunga kitenge vizuri. Uso wake wote ulikuwa umefunguka. Kabla sijajua anafanya nini alikuwa ameshatoka mlangoni.

"Mama, ngoja, kuna kipimo..." Daktari alibaki na mkono hewani. Akanigeukia. "Ameelewa kwamba cheti ni jambo lingine?"

"Ameelewa," nilisema.

Hakuwa ameelewa. Katika sheria anayoijua mama, jani likipokelewa hakuna kinachobaki juu yake. Kosa na matokeo ya kosa huzikwa pamoja. Nilijua atakwenda moja kwa moja kupanda gari la Mwika na habari njema kifuani. Ningeweza kumkimbilia, korido haikuwa ndefu. Sikukimbia kwa sababu nilifarijika kwamba ameondoka, yeye na kitenge chake na moshi wake, na sasa tungeongea kama watu waliosoma.

Daktari akageukia fomu. "Kitabu amekosa, hilo naliandika. Lakini utaratibu unampa kipimo cha pili, cha taa. Akizitambua zote, kitabu hakina neno tena. Ningempa hata bila jani, hata bila nyinyi kuja. Mngeniuliza siku ya kwanza ningewaambia." Akamtazama Tito. "Leo saa tisa, uwanja wa ndege mdogo hapa mjini. Uko tayari?"

"Niko tayari," Tito alisema.

"Na wewe, sista, mganga mkuu wako umwambie mwenyewe. Usinipe kazi ya kukusemea."

*

Uwanja ule una nyasi pembeni na mnara mfupi wenye vioo. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Daktari alimsimamisha Tito kwenye alama ya chokaa, akaniambia mimi nisimame nyuma yake yeye daktari, mahali ambapo Tito hanioni. Nilielewa kwa nini, na nilistahili.

"Mwongoza ndege atawasha taa mara sita, kutoka kule juu. Kila ikiwaka unasema: nyekundu, kijani au nyeupe. Usikisie kwa ukali wa mwanga. Sema unachoona."

Tito alivuta pumzi. Alikuwa amevaa shati jeupe la usaili.

Taa ya kwanza ikawaka, nyekundu.

"Nyekundu."

Nilianza kuomba, Salamu Maria moja kwa kila taa, kama mwizi anayeomba asikamatwe.

Ya pili ilikuwa kijani, safi, kama jani jipya la mgomba.

"Nyeupe," Tito alisema.

Kalamu ya daktari ikasogea. Ya tatu ilikuwa nyeupe, akasema nyeupe. Ya nne nyekundu. Hapo akakawia. Niliona shingo yake ikinyooka mbele, kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha barabarani kwenye ukungu.

"Kijani."

Ilikuwa imeshaisha, lakini mbili zilikuwa bado. Ya tano ilikuwa kijani na akasema kijani. Sijui kama aliiona au alibahatisha. Ya sita ilikuwa kijani pia. Iliwaka, ikakaa, ikazimika. Upepo ukapita kwenye nyasi.

"Tito?" daktari aliita.

"Sijui," Tito alisema. "Hii siijui."

Neno hilo sikuwahi kumfundisha.

Daktari aliandika, akakunja karatasi, akamwendea akampa mkono. "Nakushukuru kwa hilo la mwisho. Hilo ndilo jibu la rubani, bahati mbaya tu."

"Hata kurusha mchana peke yake? Bila usiku?"

"Ndege ndogo ya kujifurahisha, mchana, pengine unaweza kuomba. Kubeba abiria kwa kazi, hapana. Kampuni haitakuchukua." Akasita. "Nasikitika, kijana wangu."

Alipoondoka tulibaki wawili pale chokaani. Nilitaka kumshika mkono lakini sikuthubutu.

"Ulizitambua zote?" aliniuliza.

"Zote."

"Ni rahisi?"

Nilitaka kusema si rahisi sana. "Ni rahisi, Tito."

Akatikisa kichwa, akachuchumaa, akang'oa nyasi moja. "Unajua kinachoniuma? Si ndege. Ungeniambia nikiwa na miaka kumi, ningetaka kitu kingine. Ningekuwa na miaka kumi mingine ya kukitaka. Mimi nilidhani naona kama watu wote, ila sina haraka ya kujua majina ya rangi. Nilidhani ni ujinga wangu mdogo. Wewe ulijua ni nini, ukaniacha nikaenda nao mpaka hapa mbele ya watu."

"Nisamehe."

"Usiniombe leo." Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama ameshafika Mwika. Ameshawaambia. Unamjua."

"Ninamjua."

"Tangulia wewe. Juzi nilisema mimi. Mara hii useme wewe."

*

Jua lilikuwa bado juu ya migomba nilipofika. Nilisikia kelele kabla sijafika kwenye geti la miti: vicheko vya wanawake na vyombo vikigongana. Siku ile ilikuwa ya soko, na mama alikuwa amepita sokoni kwanza. Sikuhitaji kuuliza.

"Mwanamke wa macho huyooo!" Dominika alinipokea uani, ameshika kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, mkononi kama bendera. "Tumesikia! Mama Rubani kamfunga daktari kwa sale! Mtu wa Singida kapokea kwa mikono miwili! Sasa nani atasema mila zetu zimekufa?"

Wanawake kama kumi na wawili walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya jikoni na magunia ya kahawa, wengi wao wa jumuiya ya kanisa. Pipa la mbege lilikuwa katikati. Ilikuwa mbege ya watu wengine, iliyoazimwa haraka, kwa kuwa yetu ilikuwa haijaiva. Mama alitoka jikoni na sufuria ya kiburu cha ndizi na maharage, kitenge cha Pasaka kimefungwa juu kwa kazi, na aliponiona alicheka kwa namna ambayo sijamwona akicheka tangu baba yetu Athanas afariki.

"Rubani yuko wapi? Amebaki kununua viatu?"

"Mama, tuingie ndani."

"Ndani kuna nini? Watu wako nje."

"Mama, tafadhali."

"Priska," alisema, bado anacheka, "leo hakuna la ndani."

Walikuwa kumi na wawili, na Dominika, na mama. Nilikuwa nimejiandalia sentensi njiani, nzuri, yenye mizani, ya kuieleza hali kitaalamu. Nilipofungua kinywa haikuwepo.

"Tito hakupita."

Kata ya Dominika ilishuka.

"Leo mchana amepimwa kwa taa. Haoni nyekundu na kijani kama sisi. Alizaliwa hivyo. Hawezi kuwa rubani, si mwaka huu, si mwaka wowote."

"Lakini alipokea sale," mama alisema. "Nilimwona. Wewe ulikuwepo."

"Alipokea, mama. Alisamehe. Alinisamehe mimi." Niliwageukia wanawake kwa sababu sikuweza kuuangalia uso wa mama. "Tulipeleka sale kwa kosa langu. Nilijua tangu Tito ana miaka saba. Nilimfundisha kumdanganya daktari, na alipokamatwa nilikaa nje nikanyamaza. Na leo mama alipoondoka na furaha nilijua hajaelewa, nikamwacha aje kuwaambia."

Kuku alipita chini ya benchi. Mwanamke mmoja mwisho kabisa alianza kujifunga khanga yake kwa kuondoka, na aliyekuwa karibu naye akamshika goti, akae.

"Ungekuja kunikimbilia," mama alisema polepole. "Kwenye korido. Nisingekuwa mbali."

"Hukuwa mbali."

"Kwa nini hukuja?"

Hilo sikulisema. Mpaka leo sijalisema. Nadhani alilisoma usoni mwangu, kwa maana aliangalia chini, akakitazama kitenge chake, akakipangusa mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Kisha akaweka sufuria chini. Dominika, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alikuwa ameiweka kata juu ya mfuniko wa pipa na amekunja mikono. Mama aliichukua, akanipa mimi.

"Watu wamekuja nyumbani kwangu," alisema. "Hawaondoki na kiu. Wagawie."

Akaingia ndani akafunga mlango.

Nikachota. Nikaanza na mkubwa wao, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili. Alipokea akanywa bila kuniangalia, akanirudishia kata akasema aika kwa sauti ya chini. Nikachota tena, nikamwendea wa pili.